Blanketi la Chumba Namba Tisa

Ramani ilichorwa kwa chaki ya fundi cherehani, juu ya meza ya kukatia nguo. Chumba cha nyuma. Dirisha moja, limezibwa kwa kitambaa cha suti. Watu wanne, feni moja mbovu, na jasho la kutosha kufulia.

Chaki alikuwa nayo Nyapara. Jina hilo alilipata jela, alikokuwa kiranja wa wafungwa, na alipotoka alitoka nalo kama mtu anavyotoka na kikohozi. Hamsini na kitu, ndevu nyeupe, sauti ya chini. Hakupaza sauti kwa sababu hakuwahi kuhitaji.

"Kisiwa kizima ni ngome," alisema. "Zamani wanajeshi. Halafu jela. Sasa hoteli. Watu wanalipa pesa walale kwenye selo."

"Wewe ulilala bure," alisema Biharusi. Huyu alikuwa mke wa bandia wa kila kazi. Ameshakuwa bibi harusi mara tisa, bila ndoa hata moja.

Msukani, dereva wa boti, alitabasamu na kijiti cha kiberiti mdomoni. Kidole hakutabasamu. Kidole alikuwa mtu wa kufuli, na watu wa kufuli husikiliza.

Mpango ulikuwa hivi. Tajiri mmoja anaonyesha vito vyake pale hotelini. Mawe saba, ndani ya kasha la kioo, katika ghala la baruti la zamani. Mlango wa ghala una kufuli la enzi hizo, kwa sababu mwenye hoteli anapenda vitu vya kale kuliko akili. Kila siku, saa sita mchana, mzinga hupigwa juu ya paa ili wageni wafurahi. Na sheria ya ngome ni ile ile tangu enzi za askari: mzinga ukipigwa, ghala hufungwa na hakuna mtu kukaribia. Hata walinzi huondoka. Hoteli imeifanya mchezo wa kuwachekesha wageni.

"Dakika kumi," alisema Nyapara. "Kidole anafungua. Mzinga ukilia anavunja kioo, nani atasikia? Ananiletea mfuko. Kando ya ghala kuna mfuniko wa chuma, chini yake handaki la maji, linatokea baharini kwenye mlango wa nondo. Msukani na Biharusi wako nje na boti. Wa mwisho anashusha mfuniko, unajifunga wenyewe kwa juu. Watatutafuta paani."

"Nani anatangulia?" aliuliza Kidole.

"Mimi. Njia naijua."

"Na mimi ndiye wa mwisho."

Nyapara alimwekea mkono begani. "Tangu lini nimekuacha, mdogo wangu?"

Ilikuwa kweli. Miaka saba walikaa pamoja katika jela ya bara, baada ya Nyapara kutoroka ngomeni na kukamatwa tena. Nyapara alimgawia sabuni, akamwondolea wababe, akamfundisha hata kukunja blanketi. Yote kwa ajili ya Mrefu, kaka yake Kidole, aliyefungwa pamoja na Nyapara kule ngomeni na asirudi. Barua ya magereza ilisema tu kwamba alifariki akijaribu kutoroka. Nyapara ndiye aliyesimulia mengine: risasi juu ya ukuta, Mrefu anaanguka, anasema kimbia. Mama yao hadi leo huuliza, "Alikufa vipi, hasa?" Na Kidole humjibu hivyo hivyo, na mama huuliza tena mwezi ujao.

SAA 12:30 ASUBUHI, SIKU YA KAZI

Kidole, chumba namba tisa, hakuwa amelala. Huu ulikuwa usiku wa tatu hotelini na hakuna hata mmoja aliolala. Walikuwa wamepaka selo chokaa nyeupe, wakaweka taa za kupendeza na bakuli la visabuni vilivyofungwa kwa karatasi. Lakini unene wa ukuta ni ule ule, na dirisha liko juu pale pale. Alihesabu hatua: tano kwenda, tano kurudi. Akakunja blanketi. Akatembea tena.

Nyapara alikuwa namba kumi na nne, mfanyabiashara mstaafu mwenye miwani. Walijifanya hawajuani. Wakikutana kwenye ngazi walipishana kama wageni wawili, kila mmoja na fedha zake.

SAA 2:10 ASUBUHI

Funguo zililia koridoni. Kidole alikuwa ameshasimama kabla hajajua kwamba amesimama. Miguu pamoja, mikono nyuma, uso ukutani. Mazoea yana tabu.

Mlango ukafunguka. "Samahani, baba. Nilidhani umeshuka kunywa chai."

Mama wa usafi. Karibu sitini, mashuka begani, ndoo mkononi. Alimtazama Kidole anavyogeuka kutoka ukutani. Kisha akatazama kitanda, akatazama sana.

"Wageni wengine wakiamka," alisema, "utadhani mbuzi wamepigana hapo. Wewe umekunja."

"Mama alinilea vizuri."

"Mama yako hakukufundisha hili." Aliweka ndoo chini. "Mara tatu kwa urefu, mara mbili kwa upana, pindo ndani, mto katikati. Jela nyingine pindo huwa nje. Pindo ndani ni ya jela hii peke yake, na aliyeianzisha ni mimi. Nilikuwa askari wa stoo. Blanketi zote zilipita mikononi mwangu."

Kidole alilitazama lile pindo.

"Wewe hukukaa hapa," aliendelea. "Nyuso za hapa nazijua. Umefundishwa. Na tangu jana nimefungua vyumba ishirini, blanketi la namna hii liko kwenye viwili tu. Kwako na kwa yule wa kumi na nne. Amefuga ndevu, lakini mwendo hakuubadilisha. Yeye hajanitazama hata mara moja. Nani anamtazama mwenye ndoo?"

"Mbona hujaita polisi?"

"Niwaambie nini? Mgeni amekunja blanketi?" Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Sikiliza, baba. Yule alitoroka hapa na mwenzake. Ufunguo wa mlango wa baharini waliuiba stoo kwangu. Asubuhi mwenzake tulimkuta handakini. Mfuniko umejifunga juu yake, na mlango wa nondo umefungwa kwa nje. Maji yalikuwa yamejaa yakatoka. Vidole vyake vilikuwa bado vimeshika nondo."

Kidole alitazama viganja vyake.

"Wakubwa wakasema nilifunga mimi, kufunika uzembe wangu. Wakanivua sare. Jela ilipogeuka hoteli nikarudi na ndoo, maana nyumba ilikuwa inataka kula. Kijana wa watu yule. Mrefu, ana mwanya, mluzi wake ulisikika hadi stoo."

Mwanya. Mluzi. Kaka yake. Kidole alikaa kitandani. Moyo ulimuuma kama jino.

Mama alichukua ndoo. "Sijui mnataka nini hapa, na sikuulizi. Ila kabla hujaingia humo handakini, jiulize anayetangulia ni nani."

SAA 4:00 ASUBUHI

Alishuka ufukweni na miwani ya kuogelea, mgeni kama wageni wengine. Akazunguka mwamba. Mlango wa nondo ulikuwa pale, maji kiunoni, yanakupwa, kufuli lenye kutu kwa nje. Alilifungua kwa waya mbili. Mpango ulisema alitupe baharini.

Alilishika kiganjani muda mrefu. Askari jela huongopa. Majambazi nao huongopa, na yeye alikuwa amekula sahani moja na jambazi miaka saba. Amwamini nani? Mwenye nia njema, akipita hapa, hana sababu ya kuligusa kufuli hili.

Akalitundika mahali pake, wazi. Alitaka kujua. Hilo tu ndilo alilotaka sasa.

SAA 5:40

Visabuni saba vya hoteli vikaingia kwenye mfuko mweusi ulioshonwa kwa yule fundi cherehani. Blanketi la namba tisa likaingia ndani ya begi lake la mgongoni. Koridoni alimpita mama wa usafi, anapiga deki. Hakusimama.

"Saa sita," Kidole alimwambia, akitazama mbele. "Karibu na mfuniko. Sikiliza tu."

Dekio halikusita.

SAA 5:54

Kengele ililia. Walinzi waliwasukuma wageni kwa utani, "Jamani, baruti hiyo, mtalipuka!" Vicheko vikapanda ngazi kuelekea paani. Ghala likafungwa. Koridoni kukawa kimya.

Kidole alipiga goti. Kufuli la kale lilikuwa na ujanja wake na ubishi wake. Dakika moja. Mbili. Dakika ya nne likakubali.

SAA 6:00 MCHANA

Mzinga ulilia, ngome nzima ikatikisika, na kioo kikavunjika bila mtu kukisikia. Mawe saba. Yakaingia ndani ya soksi yake.

Nyapara alikuwa ameshafungua mfuniko. "Lete."

Kidole akampa mfuko. Nyapara aliupima kwa kiganja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Shusha mfuniko. Nifuate."

Aliteremka haraka kuliko umri wake. Kidole akafuata, lakini kwanza akalitoa blanketi, akalipachika ukingoni. Mfuniko ukashuka juu yake bila sauti na bila kujifunga. Ukaacha upenyo wa kiganja.

Maji yalikuwa magotini, na yalikuwa yanapanda. Mbele, mwanga wa bahari. Kivuli cha Nyapara kikapita katikati yake, mlango wa nondo ukalia, ukafungwa.

Halafu mlio wa kufuli. Kidole aliwahi kusikia maelfu ya kufuli maishani. Hakuna lililomuumiza kama lile.

Alisogea hadi kwenye nondo. "Nyapara. Umefunga."

"Boti ni ndogo, mdogo wangu. Na wewe una mama unayemwambia kila kitu." Sauti ile ile ya chini, ya kugawa sabuni. "Usipige kelele. Maji hayachelewi."

"Ndivyo ulivyomwambia Mrefu?"

Wimbi moja likapita kati yao.

"Nani kakwambia?"

"Ndivyo ulivyomwambia?"

"Mrefu alilia kidogo tu," alisema Nyapara. "Wewe jikaze." Akageuka, akaogelea kuelekea kwenye boti.

Kidole alirudi gizani akiwa analia, na hakuona aibu. Maji yalikuwa kiunoni alipofika chini ya mfuniko. Mfuniko ukanyanyuka. Mkono wenye harufu ya sabuni ya deki ukamvuta.

SAA 6:40

Namba tisa. Akisimama juu ya kitanda, dirisha lilimwonyesha bahari. Boti ya polisi ilikuwa imeisogelea boti yao. Mama wa usafi alipiga simu mara tu mzinga ulipolia, akasema majambazi wako nyuma ya mwamba. Biharusi amekaa, kichwa mikononi. Msukani hana kijiti mdomoni. Nyapara amesimama, mikono juu, ametulia kama mtu anayesubiri chai.

"Wamempekua," alisema mama mlangoni. "Wamekuta visabuni. Anasema alikwenda kuogelea."

"Watamwachia."

"Watamwachia. Maneno yake nimeyasikia, kila neno. Lakini neno langu halikutosha wakati ule, na sasa nina ndoo." Alisogea pembeni ya mlango, akaacha nafasi ya mtu kupita. "Boti ya abiria inaondoka saa saba. Langoni hawakujui. Mimi sijakuona."

Honi ya boti ikalia gatini. Mawe yalikuwa yanambana kifundo cha mguu. Angeweza. Kubeba begi, kushuka ngazi, kumuaga mlinzi wa lango kwa tabasamu. Na Nyapara naye angepita lango hilo hilo kesho, na miwani yake, na mama nyumbani angeuliza tena mwezi ujao.

Kidole alivua soksi. Akayamwaga mawe juu ya meza, kando ya bakuli la visabuni.

"Niazime simu," alisema.

Ilipokelewa kabla ya mlio wa pili.

"Mama. Ni mimi. Mrefu hakupigwa risasi." Alisikia pumzi ya mama upande wa pili. "Kuna mtu alimfungia mlango. Namjua. Leo nitasema mbele ya polisi. Sitarudi haraka, mama."

Mama akasema, "Sema jina lake lote, mwanangu. Na la kaka yako."

Akarudisha simu. Mama wa usafi alikuwa anafuta macho kwa ncha ya shuka.

"Waite," alisema Kidole. "Mlango usifunge."

Alilichukua lile blanketi walilorudi nalo kutoka kwenye mfuniko, akalitupa kitandani ovyo ovyo, upande huku upande kule, akakaa juu yake. Nje, boti ya abiria ilipiga honi ya mwisho ikaondoka. Muda ukapita. Kisha buti zikapanda ngazi, nyingi, na katikati ya buti, funguo zikilia.

Miguu ilitaka kusimama. Ilitaka ukuta. Akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, akaizuia. Walipoingia walimkuta amekaa.