Nilipunguza Upepo wa Matairi, Kaka Akanipiga Kibao

Kibao kilitua kwenye shavu la kulia. Aliyenipiga ni kaka yangu wa tumbo moja, na baba yetu alikuwa anatutazama kupitia dirisha la gari, hawezi kusema neno.

"We una roho ya aina gani?" kaka akaniuliza. "Unatoa upepo kwenye gari lenye mgonjwa?"

"Napunguza tu, kaka."

"Leo? Leo ndiyo siku ya kupunguza?"

Jamani, msinihukumu kabla hamjanisikia...

Baba alipatwa na kiharusi miezi minne kabla ya siku hiyo. Upande wa kulia ukalala, maneno nayo yakakatika kabisa. Huyu ni mtu aliyeendesha magari ya utafiti porini miaka thelathini, mzee wa utani na visa, akikushika kwa maongezi huagi. Sasa alibaki na mkono wa kushoto na macho, basi.

Tukasikia kuna daktari bingwa wa wagonjwa kama yeye. Anakuja hospitali ya ng'ambo ya mto siku moja tu kila miezi mitatu, na saa nane mchana anaondoka. Nesi alitwambia wazi, baba akitaka kuongea tena, asikose siku hiyo.

Lami inazunguka mbali, mwendo wa saa sita nzima. Njia ya mkato inakatiza kwenye mto uliokauka, mchanga mtupu. Mimi nilitaka tuamke alfajiri tuzunguke na lami. Kaka akakataa, akasema mzee hatavumilia kukaa kitini saa zote hizo. Gari ni lake, jipya, la kupanda milima. Yeye meneja, mimi dereva wa kuajiriwa. Nikanywea.

Pale lami inapoishia kuna kibanda cha fundi wa matairi. Kaka akashuka kumnunulia baba maji, nami nikaona huo ndio wasaa wangu.

Kwenye kipimo cha upepo, matairi yalisoma thelathini na tano. Kwa lami hapo safi kabisa, ila kwenye mchanga unajichimbia kaburi. Ukishusha mpaka kumi na nane, tairi linatanuka, linakanyaga kwa upana, gari linapita juu juu badala ya kuzama. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha, nikiwa na miaka kumi na tisa.

Nilikuwa nimechuchumaa kwenye tairi la pili, upepo unatoka, kaka akatokea.

"Unafanya nini hapo?"

Hapa ndipo nilipokosea. Badala ya kumweleza kwa upole, nikamjibu kwa jeuri.

"We kaa na mafaili yako, magari huyajui."

Ndipo kile kibao.

"Tangu jana hutaki tupite huku," akasema. "Umeshindwa kwa maneno, sasa unataka tukwame hapa mpaka daktari aondoke."

"Kaka, nisikilize..."

"Nisikilize nini? Hata mtoto anajua tairi likilegea gari haliendi. Fundi, jaza yote manne. Yawe magumu."

Fundi akanitazama. Niliona kabisa kuwa anajua niko sahihi. Lakini mwenye mali akishasema, wewe ni nani?

"Niweke ngapi, bosi?"

"Arobaini na tano."

Akajaza. Nikaenda kushika mlango wa nyuma, kaka akanisukuma, akafunga, akaondoka na baba. Nikabaki na vumbi mdomoni.

Mmewahi kuiona ajali kabla haijatokea? Nilijua watazama wapi. Nilijua kaka atafanya nini wakizama, atakanyaga mafuta kwa hasira na kuzidi kuzama. Nikapiga simu, hapatikani. Kule mtoni hakuna mtandao.

Nikasimama barabarani kutafuta usafiri. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Hakuna chombo.

"Kaa kivulini, mdogo wangu," fundi akaniambia. "Utaumia bure."

Sikuweza kukaa. Nilikuwa natembea hatua kumi kwenda, kumi kurudi, kama mwendawazimu.

Saa sita na nusu ndipo ikapita pikipiki, ikanibeba. Nikawakuta katikati ya mto, gari limelalia tumbo. Kaka anafukua kwa mikono, shati la ofisini limeloa jasho. Hakuniangalia usoni.

Baba alikuwa kiti cha mbele. Mkono wake wa kushoto, ule mmoja mzima, ulikuwa umefungwa kwa tai ya kaka kwenye mkanda wa kiti.

"Kwa nini umemfunga?"

"Alikuwa anahangaika. Niliogopa atajiumiza."

Nikamfungua. Sikuuliza zaidi, muda ulikuwa umetutupa mkono. Nikashusha matairi yote mpaka kumi na tano, tukafukua mbele ya magurudumu, nikashika usukani. Gari likatoka taratibu kama halikuwahi kukwama. Kazi yote dakika arobaini tu...

Tukafika hospitali saa tisa kasoro robo.

"Daktari ameshaondoka," nesi akasema. "Nitawaandika miezi mitatu ijayo."

"Hakuna namna yoyote, dada?" kaka akauliza.

Nesi alitikisa kichwa. Kisha akauinua mkono wa baba na kuona alama.

"Huyu alikuwa anahangaikaje mpaka mkamfunga?"

"Alianza tu tulipoingia mchangani," kaka akajibu. "Ananyoosha kidole nje, kwenye gurudumu la mbele. Halafu anafanya hivi."

Akaonyesha. Kiganja kimeelekea chini, kinakandamiza taratibu. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Nikamshika kaka bega.

"Kaka... baba alikuwa anakwambia shusha upepo."

Kaka akakitazama kiganja chake.

"Mimi nilidhani anakutaka wewe," akasema. "Nilidhani anasema nirudi nikakuchukue. Siku zote ni wewe na yeye na magari yenu. Iliniuma. Nikavua tai, nikamfunga."

Baba alikuwa pale pale kwenye kiti cha magurudumu. Anasikia kila neno. Machozi yakawa yanamtiririka, na hakuna kati yetu aliyejua nani amfute.

Nilitaka kumchukia kaka, nikashindwa. Pale kibandani baba alikuwa hatua mbili kutoka tulipogombania. Ningegeuka nikamwambia, "Baba, tupunguze au tuache?" angeinua mkono, na ugomvi ungeisha palepale. Mimi ninayejidai mwanafunzi wake, sikumuuliza.

Ndugu zangu, mwenye mgonjwa asiyeongea nyumbani, mkibishana jambo mbele yake, mgeukieni mumuulize. Sisi tulikuwa wawili wenye midomo, na aliyekuwa na jibu tulimfunga mkono.