Milele Amina Iliyochelewa

Kila asubuhi Demetria alisimama langoni mwa hospitali ya Mwananyamala, chupa ya uji kwapani, akisubiri saa ya kuona wagonjwa. Asubuhi hiyo lango lilipofunguliwa watu wakasukumana, chupa ikamponyoka, na uji wa mama yake ukamwagikia gauni lake jipya la kitenge.

"Pole, sista. Lete chupa," alisema kijana mwenye vumbi la mbao kwenye kope. Akammiminia nusu ya uji wa baba yake. "Una sukari nyingi huu. Mzee wangu bila sukari hasemi na mtu."

Aliitwa Gaudens, fundi samani wa Manzese. Demetria, msichana wa kusalimia watu akitazama viatu vyake, alijikuta anacheka. Tangu hapo wakawa wanangojana langoni, wanasali pamoja ndipo waingie kuwaona wagonjwa wao wawili. Jioni simu ilianza vilevile: Demetria "Tumsifu Yesu Kristo," Gaudens "Milele amina, mpenzi," kisha utani hadi masikio yapate moto.

Mama yake Demetria akapona. Baba yake Gaudens akafa.

Gaudens alimsindikiza marehemu hadi kwao Mbinga. Demetria akapiga simu. "Tumsifu Yesu Kristo." Gaudens hakuitikia; akaanza habari za mvua na wageni wa msiba. Siku Demetria alipomwambia kwamba Mungu ana makusudi yake, simu ilikatwa, na haikupokelewa tena. Demetria akaamini Gaudens amepata mwingine. Akamlalamikia mama yake.

"Umemsalimia sana, mwanangu," mama alisema. "Baba yake umemlilia lini?"

Wenzake Gaudens wa karakana walipomwambia Demetria kwamba anarudi, alivaa gauni lile lile la kitenge, akapika uji, akaenda stendi ya Mbezi Luis. Gaudens akashuka kwenye basi amekonda, kitambaa cheusi mkononi. Demetria hakusalimia. Alimimina uji, akampa.

Gaudens akaonja. Sukari ilikuwa nyingi.

"Tulisali pamoja, Deme. Mgonjwa wako kapona."

"Najua. Nikaona hata aibu kushukuru." Machozi yalimtoka mbele za watu, naye hakuyaficha. "Nikakuambia maneno wanayosemaga watu msibani. Makusudi ya Mungu mie nayajulia wapi? Mzee nilimpenda. Na wewe nakupenda, na naogopa."

Wapiga debe waliwapita wakiitana. Gaudens alisema alidhani akimjibu, Demetria atagundua kwamba yeye hana imani tena, amkimbie. "Lakini sijamwacha Mungu. Nimemkasirikia, na kila nikikasirika namlalamikia yeye yuleyule."

Demetria akatazama viatu vyake. "Tumsifu Yesu Kristo," akasema taratibu.

Safari hii Gaudens hakurukia habari za mvua.

"Milele amina," Gaudens alijibu, akamshika mkono. "Twende kwa paroko, tutangazwe kanisani. Nataka uwe mke wangu, Deme. Siku nikishindwa kusema ile sala ya Nasadiki, wewe iseme kwa nguvu, nami nitaifuata sauti yako."