Ushuhuda wa Mutindi

Kila asubuhi kabla ya shule, Mutindi alishuka mtoni Kalamba akachimba mchanga mkavu mpaka maji yakatokea. Maji hayo yalikuwa ya chumvi, na msichana huyo wa miaka kumi na minne hakuyapenda hata kidogo. Aliyabeba mgongoni, ukanda wa mtungi ukimkaza kwenye paji la uso, lakini kuyanywa ilikuwa kazi.

Asubuhi hiyo maumivu yalimkamata akiwa bado mtoni. Yalianzia ubavuni, yakashuka tumboni, yakampigisha magoti mchangani.

"Aiya! Ni lile tumbo tena?" rafiki yake Kasyoka aliuliza. "Si ulisema umepona?"

"Nyamaza! Usimwambie mtu."

Mwezi uliopita, Pasta Kilonzo na waumini walikuwa wamemwombea kanisani. Maumivu yalipotulia, Mutindi alisimama mbele ya watu wote akashuhudia kwamba amepona kabisa. Watu walipiga makofi, na mama yake, Ndila, akalia kwa furaha. Sasa angeanzaje kusema tumbo limerudi? Si wangemwita mwongo? Maskini mtoto, mtungi ule ulikuwa mwepesi kuliko siri yake.

Siku hiyohiyo alitapika darasani, akaanguka. Mama yake na pasta walimkimbiza hospitali ya misheni.

"Maumivu haya yalianza lini?" daktari alimwuliza akimpapasa tumbo.

Mutindi alimtupia pasta jicho. "Leo," akanong'ona.

"Hujawahi kuumwa hivi?"

"Hapana."

"Basi huenda ni chakula. Nitampa dawa, mwende naye nyumbani."

Mama alianza kujifunga leso waondoke. Nyumbani! Na maumivu yakirudi huko? Hofu ikaishinda aibu.

"Daktari, nimedanganya!" Mutindi alilia. "Yananiuma tangu mwaka jana. Yanakuja, yanaenda. Hata mkojo una damu. Pasta, nisamehe. Nilishuhudia, na bado naumwa."

Daktari aliiweka dawa kando, akaagiza picha ya eksirei. Ilionyesha jiwe lililoziba njia ya mkojo kutoka kwenye figo. Mutindi alipasuliwa, jiwe likatolewa.

"Angerudi nyumbani, figo lingeharibika," daktari alimwambia Ndila. "Mawe haya huja kwa kunywa maji kidogo. Sasa anywe maji mengi, yawe yamechemshwa. Kwenye jua letu hili, asingoje kiu."

Pasta Kilonzo alikuja kumwona, akaleta chupa ya maji ya mvua kutoka tangi la kanisa.

"Kunywa, mwanangu. Siku ile ulishuhudia kweli, kwa sababu maumivu yalikuwa yametulia. Kosa lilikuja ulipoanza kuficha. Nasi tulikosa pia. Tulipiga makofi, hatukukuuliza tena unaendeleaje."

"Niliogopa watu watasema maombi yameshindwa."

"Mungu hahitaji umdanganyie watu. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Kidogo tu tukusikie kwa kilio."

Mutindi alikunywa, akapangusa midomo. "Nitasimama tena kanisani?"

"Utasimama."

"Niseme nini?"

"Sema yote, na daktari umtaje," pasta akajibu. "Na ukiumwa tena Jumapili inayofuata, simama useme hivyo pia."