Eneo Halina Wakazi

Harufu ilianza ofisini, asubuhi, jua likiwa limeshawaka: harufu ya tope bichi na majani yaliyooza, huko ghorofani ambako hata maua ya kwenye chungu yalikuwa ya plastiki. Mhudumu alipiga deki mara ya pili huku akinung'unika, lakini sakafu chini ya meza ya Mtaalamu ilibaki imelowa.

Mtaalamu ndilo jina walilomwita kazini, na yeye alilipenda. Kazi yake ilikuwa kwenda mahali panapotakiwa kujengwa kitu, kuangalia nani ataumia na nini kitaharibika, kisha kuandika ripoti ya tathmini ya mazingira. Kazi ya maana, ukiifanya. Kule bondeni palipotakiwa kujengwa kiwanda cha ngozi, hakuifanya. Njia ilikuwa na tope na viatu vyake vilikuwa vipya, basi akalitazama bonde kupitia kioo cha gari, akamwamuru dereva ageuze. Aliporudi ofisini akafungua ripoti ya zamani ya machimbo ya kokoto, akanakili sehemu yote ya wakazi na viumbe, akabadilisha jina la mahali tu. "Eneo halina wakazi. Hakuna kiumbe kitakachoathirika." Na chemchemi ilikuwepo pale, na akina mama walikuwa wanateka maji, watoto migongoni! Mtu wa namna hii utamwitaje? Tusi ninalo, ila nalimeza.

Alipoinua macho, kiti cha wageni kilikuwa na mtu. Mwanamke, nywele zimemganda usoni, maji yanamchuruzika vidoleni bila kwisha.

"Umeingiaje?" Mtaalamu alinong'ona, na hakujua kwa nini ananong'ona.

"Nilikusubiri bondeni." Sauti ilitoka chini, ikibubujika. "Nilikuona. Ulifungua kioo kidogo, ukatema mate, ukafunga."

Mtaalamu alimwita katibu muhtasi. Yule dada akachungulia mlangoni, akakitazama kiti kile kile.

"Abee, bosi? Unaongea na nani?"

"Hanioni," mwanamke alisema katibu alipoondoka. "Si umeandika sipo? Nimekaa kwenye ile chemchemi tangu babu wa babu yako hajazaliwa, na wewe umenifuta huku unakunywa chai. Haya. Na mimi nitakuja kutathmini kwako. Nitaandika vile vile ulivyoandika wewe."

Kiti kikabaki kitupu, kimelowa chapachapa.

Nyumbani alikuwa na mke na binti mmoja wa darasa la kwanza, waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kutulia. Haukupita muda, mkewe akamvuta jikoni na kufunga mlango.

"Baba Chiriku," alisema kwa sauti ya chini, "mwalimu kapiga simu. Anauliza mtoto mbona haji shule. Na mimi nampeleka mwenyewe hadi darasani!"

"Labda hakumwona."

"Anakaa dawati la mbele! Na leo mwenye duka kamkalia. Kamkalia, Baba Chiriku! Mtoto yuko kwenye benchi analia, mtu mzima anakaa juu yake huku anafunga sukari."

Mtaalamu alitaka kucheka, akashindwa. Kuanzia hapo mabomba yakawa yanabubujika ilhali yamefungwa, kuta za chumba cha mtoto zikatoka jasho lenye harufu ya bondeni, vyura wakalia ndani ya kabati mchana kweupe, na kila Chiriku alipopita barabarani akiwaamkia majirani waliomjua tangu anatambaa, shikamoo, shikamoo, wao wakapita zao wakiongea mambo yao, hadi mtoto akaacha kusalimia, akaacha na kuimba, akawa anashinda ameshika nguo ya mama yake na kumuuliza kama bado yupo.

Mama akaleta mganga, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi. Akawasha ubani, akaanza kusoma, kisha akauzima kabla haujashika vizuri.

"Huyu siwezi kumtoa," alinong'ona. "Ameshatolewa kwake, na aliyemtoa ni mumeo." Akamgeukia Mtaalamu. "Baba, nenda kaandike kwamba yupo. Yeye na wale wote wanaokunywa pale. Nenda sasa hivi, wakati nyinyi wawili bado mnamwona mtoto."

Mtaalamu akakimbia mpaka kwa mkurugenzi wake, akamwambia ripoti ina kosa, kuna chemchemi, kuna watu.

"Kibali kimeshatoka," mkurugenzi alisema bila kuinua kichwa. "Ukiigusa ile ripoti, kibarua chako kimeota nyasi. Na ile nafasi ya naibu wangu niliyokuahidi uisahau."

Neno moja tu lilitakiwa. Nakwambia hasira hunipanda kila nikifika hapa, kwa sababu binti yake alikuwa nyumbani anauliza kama yupo, na yeye baba mtu akawaza cheo.

"Sawa, mkuu," alisema. Moyoni akajiambia ataiandika upya akishakuwa naibu.

Alimkuta mkewe sebuleni, amekaa kwenye kochi, chanuo mkononi, anachana mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Umeandika?"

"Nimeandika," alidanganya.

"Mungu mkubwa!" Mkewe alifuta machozi. "Haya mwanangu, inuka ukamsalimie baba."

Mtaalamu akasimama, akasubiri. Chumba kilikuwa kimya.

"Mbona humwitikii? Kakuamkia mara mbili."

"Yuko wapi?"

Mkewe alimkodolea macho.

"Baba Chiriku, amekushika mkono."

Mtaalamu aliutazama mkono wake. Ulikuwa unaning'inia tu, na mkewe akaanza kupiga mayowe.