Chombo Kisichokwepa

Mimi ni fundi cherehani, na mtu wa cherehani huyajua mengi ya nyumba, maana kutwa nzima ameketi mahali pamoja na masikio hayana kazi. Haya yalimpata shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Sikuhadithiwa. Nilikuwa naishi kwao na kushonea barazani, na kati ya cherehani yangu na karakana yake palikuwa na pazia tu.

Shemeji alitengeneza vitu vya umeme: pasi, feni, redio, hata vile ambavyo wenyewe walishavikatia tamaa. Mkono wake ulikuwa mwepesi, ulimi mzito. Dada alikuwa mwalimu, akitoka asubuhi mpaka jioni. Chumba cha nyuma alilala mama mzazi wa shemeji, ambaye sote tulimwita Mama. Mama alikuwa amepooza upande mmoja, na maneno yalishamtoka kinywani yasirudi. Kujigeuza kitandani hakuweza, tulimgeuza watu wawili. Kilichombakia ni macho, kicheko cha shavu moja, na mkono wa kulia.

Kwa ajili ya mkono huo shemeji alimtengenezea kengele. Kitufe kilikaa pembeni mwa mto, waya ukapita darini hadi karakana. Mama alikuwa na mlio wake mwenyewe, mara mbili kwa kifupi, kisha mara moja kwa kirefu. Ukilia, shemeji aliacha chochote alichoshika, akaitikia kwa sauti akiwa bado njiani, "Naam, mama." Dada alimtania kwamba akiitwa na mke anatambaa, akiitwa na mama anaruka. Shemeji alicheka tu. Alimpenda sana mama yake, na hilo nalisema mapema ili msije mkamhukumu haraka.

Basi siku moja wanaume wakaja wakihema, wamebeba mashine ya gemu kubwa kama kabati. Ilitoka kwenye ukumbi wa michezo uliofungwa, na mwenyewe alitaka ifufuliwe. Shemeji aliipenda tangu alipoifungua mgongo.

Mchezo wenyewe ukiutazama ni wa kitoto. Chini kuna chombo kimoja kidogo cha angani, hicho ndicho chako. Juu kuna safu za wadudu wenye pembe. Wanakwenda kulia, wanakwenda kushoto, halafu wanashuka kidogo. Wewe unawapiga risasi, wao wanakudondoshea mabomu. Basi, hakuna jingine. Ila kuna mlio, du, du, du, du, na kadiri wadudu wanavyopungua ndivyo mlio unavyokimbia. Hapo ndipo mtu anaponaswa. Huwezi kuinuka umebakiza mdudu mmoja. Na ukimmaliza huyo, safu mpya zinajaa juu, nawe unajiambia hii ndiyo ya mwisho. Nilionja nami, nikamkabidhi mteja gauni ambalo mkono mmoja nimeushona ndani nje. Tena mashine zile za zamani hazina kusimamisha. Ukiinuka, umekufa.

Shemeji aliirekebisha yote ikabaki kitufe cha risasi. Springi ilikuwa imechoka, ukibonyeza mara nyingi huambulii kitu. Kipya alishakiagiza, lakini hakikufika, na kawaida ya mafundi ni kuichezesha mashine kutwa nzima kabla ya kumwita mwenyewe, ili ubovu uliojificha ujitokeze. Mengine nitayasema yanapofika mahali pake.

Siku aliyoichezesha, mchana nilikwenda kupeleka sare za shule. Niliporudi, mashine ilikuwa inapiga du, du, du, peke yake karakanani. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha Mama, mikono imening'inia. Nilimpita, nikaingia.

Mama alikuwa amekufa. Macho yalikuwa wazi, yanatazama mlango.

Dada ndiye aliyemwosha, nami nikamsaidia. Tulipofika kwenye mkono wa kulia alisita. Kidole gumba kilikuwa kimevimba, ukucha umeinuka. Akaniuliza kwa sauti ya chini hiki kidole kimefanya nini. Alikifuta polepole sana, kuliko sehemu nyingine zote.

Tukazika. Waombolezaji wakaja, wakala, wakaondoka. Chumba cha nyuma kikatolewa mashuka na kufungwa kwa ufunguo, na maisha yakataka kuendelea kama kawaida yake. Dada akarudi shuleni, mimi nikarudi kwenye cherehani. Shemeji akawasha mashine ili aimalize aiondoe. Aliniambia hataki kuiona tena.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Nilisikia mlio wa wadudu, nikasikia risasi. Mbili fupi. Kisha mfululizo mrefu.

Nikaacha kukanyaga cherehani.

Zikaja tena. Mbili fupi, moja ndefu. Nilidhani shemeji anajikumbusha uchungu, nikaenda kumwambia aache. Nikafunua pazia. Shemeji alikuwa amekaa mbali na mashine, mgongo umegota ukutani. Mahali pa kitufe cha risasi palikuwa na tundu tupu, na nyaya mbili zimechomoza, kila moja upande wake, hazigusani.

Na chombo kilikuwa kinapiga.

Hakikukwepa. Wale wadudu walidondosha mabomu, nacho kimekaa palepale, kinapiga mbili fupi na moja ndefu, mpaka bomu likakishukia. Kikafa. Kikarudi mahali palepale, kikaanza tena.

"Shemeji," nikanong'ona, "kitufe kiko wapi?"

Akaniambia. Maneno yalitoka moja moja. Siku ile, kwa kuwa kipya hakijafika, alikichomoa kitufe kizuri cha kitandani kwa Mama, akakifunga kwenye mashine. Ni kwa siku moja tu. Kwa Mama akafunga kile kibovu, akijiambia kwamba Mama habonyezi mara nyingi, na akibonyeza kwa nguvu kitashika. Halafu akaanza kucheza. Wadudu wakapungua, mlio ukakimbia. Kengele haikulia hata mara moja, naye akafurahi kwamba Mama amepumzika vizuri. Alipomkuta amekufa, kidole kikiwa bado juu ya kitufe, kitu cha kwanza alichofanya hakikuwa kulia. Alichukua bisibisi akavibadilisha vitufe, kila kimoja kikarudi kwao, kabla mtu hajaja. Baadaye akaking'oa na kile kibovu, akakitupa chooni.

"Usimwambie dada yako," akasema. "Mimi nitamwambia."

Hakumwambia. Na mimi nikawa nakula sahani moja na dada, nalala chini ya dari yake, nimekalia siri ya kidole kile alichokifuta kwa mikono yake. Chakula kilikuwa hakipiti. Aliniuliza kama naumwa, nikasema jino.

Shemeji hakuiondoa mashine. Kila ulipofika wakati ule wa mchana, mlio ulianza, hata kama swichi imezimwa. Naye akajifunza jambo. Akikishika kijiti cha kuongozea, chombo kilimfuata. Kulia, kushoto. Angeweza kukikwepesha mabomu. Risasi hazikuwa zake, lakini kukwepa kulikuwa kwake. Basi akakaa pale. Feni za watu zikajaa vumbi, pasi zikarundikana. Macho yakamwiva. Siku moja nilimsihi aje japo anywe chai.

"Nikiinuka anakufa," akanijibu. "Hawezi kujigeuza mwenyewe."

Nilitoka barazani nikalia. Sikujua namlilia nani kati yao.

Dada kwake ilikuwa aibu tupu. Majirani walishaanza kusema mama wa watu hajapoa kaburini, mwanawe anacheza gemu. Alivumilia, na mvumilivu naye ana mwisho. Siku hiyo shule ilitoa wanafunzi mapema, akaingia na vitabu mkononi, akamkuta mumewe ameinamia kioo cha mashine, jasho linamtiririka. Hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwenye soketi akachomoa plagi, akabaki ameishika.

Mashine haikuzimika.

Mbili fupi. Moja ndefu.

Dada akaitazama plagi mkononi mwake. Akaitazama mashine. Aliujua mlio ule, alikuwa ameuamkia miaka. Vitabu vikamponyoka.

Shemeji akasema yote. Hakugeuka, hakuacha kijiti. Alisimulia akiwa anakwepesha, kulia, kushoto, machozi yanamdondokea mikononi. Kitufe kizuri. Kitufe kibovu. Bisibisi. Dada alisikiliza akiwa amesimama. Mumewe alipofika kwenye bisibisi, dada alinigeukia, akaona usoni mwangu kwamba nilijua. Hakunisemesha. Mpaka leo sijui adhabu iliyo kubwa kuliko ile.

Wadudu walikuwa wamebaki wachache. Mlio ulikuwa unakimbia.

"Anaita," dada akasema, kwa sauti ya chini kabisa. "Anaita, na wewe bado umekaa hapa unacheza?"

"Nikiacha—"

"Siku ile uliacha?"

Shemeji alifumba macho. Vidole vilikuwa vimeganda kwenye kijiti, alivibandua kimoja kimoja. Akasimama. Chombo kilibaki pale chini, peke yake, na mabomu yanashuka. Hakukitazama.

"Naam, mama," akaitikia.

Risasi zikakoma.

Akaenda. Tulisikia ufunguo ukizunguka, mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka. Dada na mimi tulibaki mbele ya kioo. Mdudu wa mwisho alikimbia huku na huku, akashuka, akashuka tena, akafika chini mahali chombo kilipokuwa. Hapakuwa na chombo. Hakikupigwa, hakikulipuka, hakikuwepo tu. Kisha kioo kikawa cheusi, na nyumba nzima ikawa kimya kiasi kwamba nilisikia dada akipumua.

Shemeji alituita. Hakuita kwa nguvu.

Chumba kilikuwa na harufu ya kufungiwa. Kitanda kilikuwa kitupu kama tulivyokiacha, godoro bila shuka, hakuna mto. Shemeji alisimama miguuni pake, anaonyesha kwa kidole.

Mama siku zote tulimlaza katikati. Huko katikati godoro lilikuwa limetuna, zima. Lakini upande wa ukutani, hadi kwenye ukingo kabisa, palikuwa pamebonyea. Bega, nyonga, kisigino. Mtu alikuwa amejisogeza mpaka mwisho, amejibana na ukuta, ameacha upande wa mlangoni wazi. Nafasi yenyewe ilikuwa ndogo. Ilimtosha mtu mmoja kukaa.

Kwa muda wote ule mimi na shemeji tulikuwa tunajiuliza Mama alitaka nini. Maji, dawa, hewa.

Dada alijifunika uso kwa kanga. Shemeji alikaa pale palipoachwa, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu, akauweka mkono wake juu ya godoro. Tulimwacha humo mpaka jua likazama.

Kitufe kipya kilipofika shemeji alikifunga, na mwenye mashine alikuja kuichukua, akasema haijawahi kuwa nzima namna hiyo. Godoro tulilitoa nje, tukalianika, tukalipiga fimbo, tukaligeuza juu chini. Upande wa ukutani bado umebonyea. Juzi dada alinituma nikafagie chumba kile, nikajipa moyo, nikaugusa ule ubonyeo kwa kiganja. Dirisha lilikuwa limefungwa, na sakafu ilikuwa baridi. Pale palikuwa na joto.