Kishimo cha Pili

Asiyetaka kuamini asiamini. Yalimpata rafiki yangu Kasiani, fundi chuma wa Temeke, enzi za Mwingereza.

Alinunua kwa Jamali, muuza vyuma chakavu, kifaa cha kupimia ugumu wa chuma: mpini wenye gololi chini na kipande cha chuma juu yake. Ukikigonga kwa nyundo, gololi hubonyeza vishimo viwili, kimoja kwenye kipande, kingine kwenye chuma unachopima, ukavilinganisha.

"Mwenyewe yuko wapi?" aliuliza Kasiani.

"Karudi kwao Lindi. We chukua tu," Jamali alijibu bila kumtazama.

Kasiani akasugua kutu, akatia gololi mpya, akakisimamisha juu ya reli. Ko! Kipande kikabonyea, reli haikupata hata mkwaruzo. Akagonga tena, vilevile. Mara ya tatu akagonga kwa hasira, kwa nguvu zake zote. Reli ikabaki ilivyokuwa.

"Kaniuzia takataka, mwanaizaya huyu!"

Akakitia kikapuni, akaenda kukirudisha. Mvua ya masika ilikuwa imetia giza mchana.

Banda la Jamali lilikuwa wazi, na ndani mtu anakoroma. Kasiani akaweka kikapu chini, akawasha kiberiti. Jamali alikuwa chali, damu imemjaa masikioni, na kwenye paji la uso ana vishimo vitatu vya mviringo, cha tatu kirefu kuliko vyote.

"Mwambie mwenyewe aache. Hakufika Lindi," Jamali akanong'ona.

Ndani ya kikapu, ambacho hakuna aliyekigusa, kile kifaa kikalia ko! Na mbele ya macho ya Kasiani, paji lile likabonyea mara ya nne.