Mtoto wa Alhamisi

Kijana mmoja aliingia kituo cha polisi asubuhi, mguu mmoja una ndala, mwingine mtupu, akapiga kaunta kwa kiganja.

"Nimeibiwa mtu!"

Inspekta Serwaa Boakyewaa aliweka kijiko chini. "Mtu gani? Mtoto?"

"Filamu yangu, Madam. Miaka minne! Kwangu ni mtu."

Koplo alicheka. Serwaa hakucheka. Kumasi nzima ilikuwa imesikia habari za huyu Dankwa, kijana aliyetengeneza filamu ya uhalifu bila kampuni wala mfadhili. Wahakiki wa Accra waliitazama mara moja, wakaandika kwamba ina ukweli unaouma. Tamasha la filamu la Ouagadougou likaiteua kuwania tuzo. Sasa diski yenye nakala pekee iliyobaki ilikuwa imetoweka. Nakala nyingine ilikuwa imeungua ndani ya kompyuta, umeme uliporudi kwa kishindo.

"Isipofika huko Jumamosi, wananitoa," alisema Dankwa.

Mlango wa studio haukuvunjwa. Alama za vidole zilikuwa za watu wote wenye ufunguo, yaani hazikusema kitu. Fiifi, mhariri aliyegombana na Dankwa, aliletwa kwanza.

"Ulikuwa wapi?"

"Cape Coast, kumzika shangazi. Waulize wote waliokula wali wangu."

Waliulizwa. Waliusifu wali.

Siku ikaisha hivyo. Kamanda Adusei alipiga simu akifoka, Dankwa alipiga akilia, na Serwaa akatamani kuitupa simu dirishani. Asubuhi iliyofuata alibaki mtu mmoja tu wa kuhojiwa: Kyei, mlinzi wa studio.

"Baba Kyei, filamu umeiona?"

"Mlinzi hukaa nje, Madam."

"Lakini habari zake unazijua."

"Redio imesema. Kijana anaiba simu sokoni, watu wanamuua."

"Unaionaje hiyo hadithi?"

"Uongo mtupu." Mzee aliikunja kofia yake. "Yaw hakuiba chochote."

Kalamu ya Serwaa ilisimama.

"Yaw nani?"

"Huyohuyo kijana, Madam."

"Wa kwenye filamu anaitwa Kofi."

"Ulimi umeteleza."

"Baba, mimi na wewe ni Waashanti. Kofi huzaliwa Ijumaa, Yaw Alhamisi. Ulimi wetu unateleza kwenye mengine yote, lakini si kwenye siku ya mtu. Nani alizaliwa Alhamisi?"

Mzee aliikunjua kofia yake.

"Mwanangu," alisema. "Simu ilikuwa yake mwenyewe. Walimpiga mpaka akafa, kisha Dankwa akaenda sokoni kuwauliza haohao waliompiga. Wangemwambia nini? Nilipoliona bango la filamu, mwigizaji amevaa shati la njano kama la Yaw, nikaja kuomba kazi ya ulinzi."

"Ukaichukua diski."

"Niliichukua. Iko nyumbani, ndani ya gunia la mihogo."

"Kwa nini hukuivunja?"

"Nilishika nyundo. Lakini kwenye bango yule mwigizaji anacheka kama Yaw. Nikafikiri, humo ndani bado anacheka. Ningempigaje na mimi?"

Serwaa alishindwa kuandika. Sheria ilikuwa na kifungu cha diski iliyoibwa. Jina lililoibwa halikuwa na mahali pa kuandikwa.

"Madam, mama yake ni mgonjwa. Hajui kama kuna filamu. Usilitaje jina la Yaw redioni."

"Sitalitaja, Baba. Nakuahidi."

Diski ilipatikana. Dankwa aliibusu, halafu Serwaa akamweleza ni ya nani hadithi ile. Kijana alikaa chini kwenye ngazi, akasahau kushukuru.

Mchana waandishi walijaa uani. Kamanda alimvuta Serwaa pembeni.

"Nafasi ile ya upelelezi Accra, jina lako liko juu. Wape sababu yote, baba, mtoto, kila kitu. Hiyo ndiyo habari."

"Mkuu, niliahidi."

"Ulimwahidi mwizi?"

"Nilimwahidi mzazi."

"Basi Accra iondoe akilini."

Serwaa alisogea mbele ya vinasa sauti. Alikuwa ameiomba nafasi ile mara tatu.

"Mtuhumiwa amekiri," alisema. "Diski imerudi kwa mwenyewe."

"Sababu ilikuwa nini, Inspekta?"

"Ataisema mwenyewe mahakamani, akitaka."

"Je, ni kweli filamu inamhusu mtu halisi? Jina lake nani?"

Nyuma yake alimsikia Kamanda akikohoa, mara moja, kisha tena kwa nguvu.

"Swali lingine," alisema Serwaa.